Sheria ya 2015 haikufuta mitihani ya majimbo nchini Marekani
Wapo wazazi nchini Marekani wanaoamini hadi leo kwamba Rais Obama alipotia saini sheria mpya ya elimu mnamo Desemba 2015, mitihani ya kila mwaka ilifutwa. Haikufutwa. Kila jimbo bado hutahini kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja sekondari, sharti lililotokana na sheria ya elimu iliyotangulia, ya 2002 (No Child Left Behind). Kilichobadilika, na kwa maoni yangu ndicho kizito zaidi, ni kinachofuata matokeo: shabaha ya sheria hiyo ya 2002 ya kila mtoto kufaulu ifikapo 2014, ambayo haikufikika, iliondolewa, na majimbo yakaachiwa kubuni vigezo vyao vya kuzipima shule, mradi yatambue na kusaidia asilimia 5 zilizo nyuma kabisa miongoni mwa zinazopata ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya watoto maskini.