Je, wajua kwa nini injini ya gari la barabarani hufungwa kwenye mpira na sio chuma kwa chuma?

Miaka mingi niliamini mauntingi ya mpira, ile inayobeba injini, inakula nguvu. Ukifungua boneti ya Chevrolet Camaro ya 1969 halafu mtu akakanyaga mafuta, V8, yani injini ya silinda nane, inainuka upande mmoja unaiona kwa macho, sa mi nikawa nasema ule mtikisiko wote si ndo nguvu ambayo ingefika kwenye tairi, kwa hiyo funga chuma tupu. Sio hivyo kabisa, na wengi bado wanalibeba hilo mpaka leo.

Chukua ndoo ya maji ya lita 20 uining'inize kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira unavutika, unatulia, na mkono wako unabeba uzito uleule ambao ungeubeba kwa mnyororo. Injini nayo ivo ivo: inazungusha shafti upande huu, bloku inasukumwa upande ule, mpira unajikunja mpaka unakaza sawasawa na ule msukumo, na kuanzia hapo magurudumu yanapata haki yao yote. Kilichopotea ni kale kamuda ka mpira kujikunja, basi.

Sasa tikisa mkono harakaharaka. Kwenye mnyororo kila mtikiso unafika kwenye ndoo, kwenye tyubu ndoo inakaa karibu imetulia. Ila ukitikisa kwa ule mdundo wa ndoo yenyewe, itaruka mpaka maji yamwagike! V8 ikizunguka mara 800 kwa dakika inalipua mafuta kama mara 53 kwa sekunde, na mpira mzuri mdundo wake uko chini ya hapo mbali. Ukiweka mpira mgumu mdundo wake unapanda, unausogelea ule wa injini, ndo dashibodi inaanza kuimba.

Hatari ya kweli ni mpira kukatika. Mwaka 1971 General Motors, kampuni inayotengeneza Chevrolet, iliita yarudi kurekebishwa magari ya Chevrolet karibu milioni 6.7 ya 1965 hadi 1969, Camaro ikiwemo, mana mauntingi ya kushoto ikiachia injini inainuka na kuvuta mkono wa kabureta, ule unaofungua mafuta, gari inaongeza mwendo yenyewe. Dawa yao ilikua kizuizi cha kuizuia injini isiinuke!

Kwa gari la barabarani mi nachagua mpira wa aina ya kufungamana, ambao hata ukichanika vyuma vyake vinashikana. Poliyurethani, plastiki inayonyumbuka ila ngumu kuliko mpira, inafaa injini ikiongezwa nguvu, ila ugumu wake unatofautiana sana, uliza kabla hujalipa. Chuma iache kwa gari la mashindano tu, na usifunge chuma kwenye giaboksi wakati mbele kuna mpira laini, mana injini ikijipinda giaboksi haina pa kwenda, mkia wake unapasuka. Na kama kifuniko cha valvu kinavujisha oili ziba kwanza, oili inalainisha mpira mpya ukaharibika kabla ya wakati.