Ini lina mafuta, we unameza omega unasubiri nini?

Mimi ni nesi, nipo kliniki ya presha na kisukari hapa Tanga mjini. Kila wiki lazima nipate mtu anatoa kwenye mkoba karatasi ya ultrasaundi imekunjwa mara nne mpaka maandishi yanafutika, imeandikwa fati liva, ukiangalia tarehe ni mwaka jana au juzi. Namuuliza, mama, muda wote huu ulikuwa wapi? Ananijibu bila wasiwasi, "nilikuwa natumia omega mwanangu." Haya maswali ndo ninayoulizwa, nayajibu hapa labda nitapumua.

Fati liva ndo nini?

Mafuta yamejaa ndani ya ini. Ini lenye afya huwa na mafuta kidogo sana, yakipita asilimia 5 ndo tunaita hivyo. Wengi wanaokuja kwetu yametokana na kitambi, kisukari, sukari na wanga kupita kiasi, na pombe kwa wanaokunywa. Kwa wengi yanakaa tu hivyo hivyo, ila kwa wengine ini linaanza kuvimba, linapata makovu, linakuwa gumu kama soli ya kiatu, na likishafika huko hata saratani inaweza kuingia. Na usidhani ni ugonjwa wa wanene peke yao, wembamba wenye kisukari nao tunawaona.

Na omega?

Ni aina za mafuta. Omega 3 ipo kwa samaki wenye mafuta kama vibua, jodari, dagaa na uono, na aina yake nyingine ipo kwenye mbegu kama chia na kitani. Omega 6 ipo kwenye alizeti, mahindi, soya, karanga. Omega 9 mwili unajitengenezea wenyewe. Sasa ile chupa ya bei mbaya imeandikwa 3-6-9, ujue hiyo 6 umeshaila jana kwenye chips.

Kwa hiyo omega inatibu ini?

Hapana.

Narudia maana najua umesoma haraka haraka: hapana, omega sio dawa ya kutibu ini lenye mafuta. Omega 3 inashusha mafuta ya kwenye damu yanayoitwa traigliseraidi, tena kwa dozi kubwa ya gramu 2 mpaka 4 kwa siku anayoandika daktari. Kuna tafiti zimeonyesha na mafuta ya ini yanapungua kiasi, sikatai, lakini kuondoa makovu haijathibitishwa, na makovu ndo yanayoua. Halafu kidonge kimoja cha miligramu 1000 mara nyingi omega 3 yenyewe ndani yake ni kama 300 tu, iliyobaki ni mafuta mengine, geuza chupa usome nyuma. Na usije ukasema basi nimeze kumi, dozi kubwa kwa baadhi ya watu inafanya mapigo ya moyo yaende ovyo.

Ila jirani yangu alitumia miezi mitatu akapona.

Alipimwa tena? Mara nyingi hajapimwa, alijisikia mwepesi. Au ndo miezi hiyo hiyo aliacha soda na akapungua kilo sita, sifa ikapewa chupa.

Mbona siumwi chochote?

Hapa ndo watu wanaponiudhi, naomba radhi. Ini halipigi kelele jamani! Linaweza kuharibika miaka na miaka wewe unapanda baiskeli unaenda Ngamiani na kurudi, unacheza bao, unalala vizuri. Hata vipimo vya damu vya ini vinaweza kusoma sawa na mafuta yapo. Kwa hiyo ukiambiwa ini lina mafuta usisubiri maumivu, njoo upimwe sukari, presha, mafuta ya damu, homa ya ini B na C, na daktari apige hesabu ya makovu kwa kutumia umri wako na majibu ya damu. Kidonge hakiwezi kukwambia makovu yamefika wapi. Kipimo ndo kinakwambia.

Yale mafuta ya ini la samaki tuliyokuwa tunanyweshwa utotoni je?

Hayo sio sawa na omega ya kawaida. Yana vitamini A nyingi, na vitamini A ikizidi mwilini inaliumiza hilo hilo ini unalotaka kulisaidia. Nishamkuta mtu anakunywa kijiko kikubwa asubuhi na jioni kwa sababu chupa ina picha ya samaki. Mjamzito ndo kabisa, asiguse bila kuuliza.

Sisi Tanga samaki ndo chakula chetu, mbona bado tunapata?

Swali zuri, tukae hapa kidogo. Kibua anatoka baharini na omega yake nzuri tu, sisi tunafanyaje? Tunamtumbukiza kwenye karai la mafuta ya kupima yaliyokaanga tangu juzi, meusi kama kahawa, anatoka amekauka kama ubao, tunamweka pembeni ya mlima wa ugali au wali wa nazi wa tui zito, tunashushia na soda. Asubuhi yake ilikuwa chai ya vijiko vinne vya sukari na mandazi matatu, jioni chapati, usiku chips mayai. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 8 au 9 vya chai, na sukari ile ikizidi ini linaigeuza mafuta, yaani mafuta ya ini mengine hayakuingia mdomoni kama mafuta, yaliingia kama soda na juisi ya boksi. Hapo kidonge kimoja cha omega kitafanya nini, kitapigana na nani?

Samaki mchemshe, mchome, mpike mchuzi wa nyanya na ndimu, mara mbili au zaidi kwa wiki. Tui lipunguze, chuja jepesi. Mafuta ya alizeti ni bora kuliko mengi lakini kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120, kile kipicha cha moyo kwenye dumu sio ruhusa ya kumimina. Kahawa yetu ya vikombe vidogo kunywa, tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa ini lao lina makovu kidogo, ila ile kashata ya pembeni ndo ugomvi wangu. Mnazi na gongo, acha kabisa.

Sasa kinachosaidia ni nini hasa?

Kupungua uzito kama umezidi. Mwenye kilo 90 akipunguza 4 mafuta ya ini yanaanza kushuka, akifika 6 au 7 uvimbe unapoa, akifika 9 hata makovu yanaweza kupungua. Taratibu, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, usijifungie ndani kula matango. Tembea kwa kasi dakika 30 siku tano za wiki. Mji wetu ulisifika kwa baiskeli, leo mtu anachukua bodaboda kutoka Barabara ya 8 kwenda ya 12! Na dawa za kisukari usiziache eti kwa sababu umeanza omega, hilo nimeliona na nimelia nalo.

Na dawa za mitishamba za kusafisha ini?

Ini halisafishwi na chupa. Nyingine ndo zinaliunguza, na wewe hujui humo ndani mmewekwa nini.

Dalili gani nikimbie?

Macho kuwa ya njano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu, choo cheusi kama lami, mtu kuanza kuongea asiyoyajua. Siku hiyo hiyo hospitali. Sio kwa mganga kwanza, sio "tumpe omega mbili tuone asubuhi", sio kusubiri shemeji atoke Muheza. Tumbo likijaa maji watu wanasema amerogwa, wanazunguka wiki tatu, wanatuletea mtu amebaki mifupa na tumbo.

Nikija kliniki nije na nini?

Ukiwa umeandikiwa ultrasaundi ya tumbo usile masaa sita mpaka nane kabla, maji kidogo ruksa, ila mwenye kisukari atuulize kwanza dawa zake azinywe vipi siku hiyo. Njoo na karatasi yako ya zamani hata kama imechanika. Na njoo na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani, omega, na ile chupa ya dumu dogo iliyo chini ya kitanda ambayo hutaki tuione.