Taa ya jirani: hofu inavyojengwa katika Lakeview Terrace

Waandishi wengi wa skripti za uhasama wa majirani hukimbilia bastola. Kwa filamu hii ya Neil LaBute ya mwaka 2008, mimi naanza na taa.

Chris ni mzungu, mkewe Lisa ni mweusi, nao wamehamia kitongoji cha Los Angeles. Jirani yao Abel Turner (Samuel L. Jackson) ni mgane mwenye watoto wawili, polisi mweusi asiyetaka kuiona ndoa ya namna hiyo. Taa zake za ulinzi zinamulika hadi chumbani kwao usiku kucha. Wakashtaki nini? Mtu kaweka taa kwake. Na wakimwita polisi, polisi ndiye huyo huyo.

Sini kama hiyo huharibika pale chumba kizima kinapomulikwa. Taa ikae nje ya dirisha, juu ya kimo cha mwigizaji, iwe ya Kelvini 5600 hivi (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga unaelekea ubluu). Ndani iachwe balbu moja ya 3200, yenye umanjano, na kamera ipangwe kwa 3200 ili mwanga huo wa ndani ndio uonekane mweupe. Mwanga wa nje utaingia na ubluu wa baridi, na mtazamaji atajua upi umevamia. Ukiiachia kamera ijipangie rangi, itabadilika katikati ya sini na tofauti hiyo itafifia.

Kisha Chris anapanda miti mpakani ajizibe, na Abel anaikata kwa msumeno wa injini. Ni ugomvi wa mpaka, lakini mahali penyewe pana uzito: Lake View Terrace ndiko polisi walikompigia dereva mweusi Rodney King tarehe 3 Machi 1991.

Filamu inalegea Abel anapomtuma mhalifu akavuruge nyumba yao. Tangu hapo Abel ni jambazi tu, na lile swali la nani wa kumshtakia linapotea.

Kasoro nyingine naiona katika sini ya kwenye baa, Abel anapomsimulia Chris kwamba mkewe alikufa katika ajali ya gari akiwa na bosi wake mzungu. Ubaguzi unageuka kidonda cha mtu mmoja, nao ni mpana kuliko hivyo. Kiufundi, hata hivyo, sini hiyo inahitajika: mwishoni Chris anamchokonoa Abel kwa habari ya mkewe, mbele ya askari wenzake, mpaka anafyatua risasi wote wakiona.