Picha ya ndege kwa ndege: maana yake, na kazi ya rubani asiyeonekana

Ukiona picha ya Tiger Moth, ndege ndogo ya zamani, juu ya mashamba ya Uingereza, karibu kiasi cha kuweza kuhesabu nyaya zinazofunga mabawa yake mawili, ujue aliyeipiga hakuwa chini. Alikuwa ndani ya ndege nyingine, ubavuni. Hiyo ndiyo picha ya ndege kwa ndege. Tusiichanganye na picha za angani kama walizopiga Wajerumani akina Grzimek, baba na mwana, walipokuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti miaka ya 1950. Kule kamera inatazama chini na nyumbu hana habari. Huku kinachopigwa picha nacho kinaruka, kina rubani wake, na yeyote kati ya marubani wawili akikosea kidogo watagongana.

Wengi hudhani ndege ya kamera ndiyo inayohangaika kuizunguka nyingine. Kwa kawaida ni kinyume. Ndege ya kamera ndiyo kiongozi: inashika mwendo mmoja na kimo kimoja, na ikigeuka inageuka taratibu, duara pana, ili jua liangukie upande unaotakiwa. Ndege ya zamani ndiyo inayosogea na kurudi nyuma kadiri inavyoombwa kwa redio au kwa ishara ya mkono. Rubani wake hathubutu kuondoa macho kwa kiongozi, kwa hiyo kutazama kama kuna ndege nyingine mbele ni kazi ya kiongozi. Rubani wa ndege ya zamani akimpoteza kiongozi machoni hata kidogo, hajaribu kumtafuta. Anajitenga upande waliokubaliana wakiwa bado chini. Marekani kanuni inakataza ndege kuruka pamoja hivi bila marubani kupatana, na inakataza kubeba abiria wa kulipa.

Shida kubwa ni mwendo. Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, ina injini ya nguvu farasi 130 na husafiri kwa kilomita mia moja na kitu kwa saa. Cessna 172, ndege ndogo ya kawaida ya siku hizi, inaweza kwenda nayo, lakini haina nafasi kubwa: ikishuka hadi karibu kilomita 90 kwa saa, bila flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege iweze kwenda polepole), mabawa yanaacha kuibeba. Spitfire, ndege ya kivita ya zamani yenye mbio, ni kesi tofauti. Ikilazimishwa kumsubiri Cessna itaruka imeinua pua, na picha itatoka mbaya. Hapo hutafutwa ndege yenye mbio zaidi, kama Bonanza A36, ambayo milango yake ya nyuma inaweza kung'olewa kabla ya kuruka. Kwenye Cessna hufunguliwa dirisha tu; ukitoa skrubu ya kizuizi chake, upepo wenyewe unalibana chini ya bawa. Mpiga picha hufungwa mikanda, na mifuko yake hukaguliwa, maana kifuniko cha lenzi kikichomoka kinakwenda kupiga mkia.

Sasa angalia propela. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, na kamera ikifunguka kwa sehemu ya 1 ya 1,000 ya sekunde, inasogea nyuzi 12 tu. Kwenye picha itaonekana imesimama, na ndege itafanana na mwanasesere aliyening'inizwa kwa uzi. Kwangu mimi hiyo picha imeharibika. Kwa sehemu ya 1 ya 60 ya sekunde propela ya panga mbili inamaliza nusu duara, na sahani nzima ya ukungu inajitokeza. Lakini kwa muda mrefu hivyo kila mtikisiko nao unaingia kwenye picha. Ndiyo maana rubani wa kamera anayesifiwa ni yule anayeruka kama vile hakuna kinachotokea.

Si kila ndege ya zamani inapigika hivi. Blériot XI ya mwaka 1909 iliyopo kwenye uwanja wa Old Warden, Uingereza, bado inaruka, ila ni kurukaruka tu juu ya uwanja siku ambayo upepo umetulia. Hiyo mpiga picha huingojea akiwa amesimama kwenye nyasi.