Komunyo: yanayosemwa mtaani na Kanisa linachofundisha

Hapa Mwanza wapo wakatoliki kibao wanakaa benchi jumapili hadi jumapili hawakomuniki, yani hawapokei Mwili wa Kristo kwenye Misa, na ukiwauliza sababu mara nyingi ni kitu ambacho Kanisa halikifundishi kabisa. Inaniuma sana.

"Hostia ni ishara tu ya kumkumbuka Yesu." Hostia ni ule mkate mwembamba wa Misa, na jibu ni hapana. Padre akishatamka huu ndio mwili wangu, hii ndiyo damu yangu, kinachobaki ni maumbo, yani rangi na ladha ya mkate na divai, ila chenyewe sasa ni Yesu mzima, mwili, damu, roho na umungu wake, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, uliliweka wazi hilo mwaka 1551. Soma Yohane sura ya 6 uone, wafuasi wengi walisema neno hili ni gumu wakaondoka, na Yesu hakuwakimbilia kuwaambia jamani rudini, nilikuwa nawapigia mfano tu.

Na kama ni Yesu mzima basi wanaosema ukipewa hostia bila divai umepewa nusu watulie, hata kwenye kipande kidogo cha hostia yupo mzima.

"Nimeshakunywa chai, siwezi kupokea." Hii inawakuta sana wavuvi wa dagaa, mtu katoka ziwani alfajiri, kanywa chai na chapati mwaloni saa 12, Misa saa 2, anajizuia. Kufunga toka usiku wa manane kulikuwepo kweli na wazee wetu walikushika, ila mwaka 1964 Papa Paulo VI alipunguza ikawa lisaa limoja tu, tena linahesabiwa hadi unapokomunika sio hadi Misa inapoanza. Maji na dawa haviharibu kitu. Wazee, wagonjwa na nyie mnaowauguza, mfano mnaolala na mgonjwa pale hospitali ya Bugando, hata hilo lisaa haliwabani.

"Lazima niungame kila nikitaka kupokea." Dhambi ya mauti, yani kosa kubwa ulilotenda kwa kujua na kwa kutaka, ndio, kitubio kwanza, hapo hakuna mjadala. Dhambi ndogo Komunyo yenyewe inaziondoa.

"Yule padre ana mambo yake, Misa yake haina kitu." Anayetenda pale altareni ni Kristo, dhambi ya padre haimzuii.

Sasa anayeishi na mwenzake bila ndoa ya Kanisa, huyo kweli asipokee kwanza, ila asiikimbie Misa, afanye komunyo ya tamaa, yani amwombe Yesu kwa sala aje moyoni mwake, na aende kwa paroko mapema. Wengi wanasubiri hela ya ukumbi na kamati ya harusi miaka na miaka, wakati kama hakuna kizuizi ndoa inafungwa kwa ridhaa yao wawili mbele ya padre na mashahidi 2, hata jumamosi asubuhi bila keki.