"Wakiachiwa Wataharibu" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Sanaa Shirikishi ya Mtandaoni

Kila ninapokaa na wasanii au wasimamizi wa kumbi kupanga kazi itakayoendeshwa na umma kupitia intaneti, kauli hii haikosi: "Watu wa mtandaoni ukiwaachia, wataharibu." Nimechoka kuisikia, maana anayeisema hufuatisha ombi la kuondoa kitufe kimoja baada ya kingine, hadi kazi inabaki picha ya kutazama tu.

Mfano wanaoupenda ni wa Wafaa Bilal, msanii mzaliwa wa Iraki. Mwaka 2007 aliishi mwezi mzima ndani ya chumba cha ukumbi wa sanaa mjini Chicago, mbele ya bunduki ya risasi za rangi iliyounganishwa na tovuti. Yeyote, popote alipo, aliweza kuielekeza na kuifyatua. Ndugu yake alikuwa ameuawa Iraki mwaka 2004 katika shambulio la Marekani, naye alitaka watu wakione kiti cha anayeua kwa kubonyeza tu, akiwa mbali. Risasi zilipita 60,000, zikatoka nchi zaidi ya 100. "Si unaona?" huniambia.

Naona. Ila hadithi wanaikatisha njiani. Ni kweli wapo waliotunga programu ili bunduki ifyatue yenyewe mfululizo. Lakini walijitokeza pia watu waliopokezana kubofya kitufe cha kugeuzia bunduki kushoto, tena na tena, ili mtutu usimwelekee Bilal. Kitufe kile kiliwekwa kwa ajili ya kulenga. Wao wakakifanya ngao. Bilal angewafungia wote mlango kwa kuwaogopa waharibifu, walinzi hao tusingewajua kabisa, na kwangu mimi wao ndio kiini cha kazi ile.

Tena, watu hufanya kile walichopewa kufanya. Bilal aliwapa bunduki kwa makusudi. Ken Goldberg, msanii na mtaalamu wa roboti, na wenzake, mwaka 1995, waliwapa bustani: mkono wa roboti uliopanda mbegu na kumwagilia mimea halisi kwa amri za waliojiandikisha kwenye tovuti. Bustani hiyo, Telegarden, ilianzia Chuo Kikuu cha Southern California, ikahamia Linz nchini Austria, na ikahudumiwa na wageni wasioonana hadi 2004. Intaneti ni ileile, ila mikononi mwao palikuwa na maji na mbegu.

Kwa hiyo anayeniuliza "tutawazuiaje?" namwambia achukue karatasi, aandike kila tendo ambalo kazi yake inamruhusu mgeni: kupanda, kuandika, kusogeza, kufuta. Akikuta "kufuta" na hana sababu ya kuliweka, aliondoe. Hilo ni jambo la kushughulikia kabla ya kuanza kuwalaumu watu.

"Vitufe vikiwa vingi, ndiyo ushirikishi." Hapana. Kazi ya msanii wa mtandaoni Olia Lialina ya 1996, kuhusu mpenzi aliyerudi kutoka vitani, ina viungo vya kubofya tu. Kila unapobofya, skrini inagawanyika vipande vidogo zaidi, na mazungumzo ya wawili hao yanazidi kukatikakatika. Inatosha kabisa.

"Ukurasa huu umeharibika." Ndivyo wengi wanavyosema wakikutana na tovuti ya 1995 ya JODI, kundi la wasanii wawili, iliyojaa alama za kijani zisizosomeka. Fungua msimbo wa ukurasa, yaani maandishi yanayouunda nyuma ya skrini: humo kuna mchoro wa bomu, kwa hiyo fujo ile ni ya makusudi. Tafadhali, fungua msimbo kabla ya kumpigia fundi.

"Takwimu za mibofyo zitatuambia watu wameipokeaje." Haziwezi. Hesabu ile ya risasi 60,000 haimtaji hata mlinzi mmoja wa Bilal, kwa kuwa kazi yao ilikuwa risasi zisimpate. Ukitaka kujua, mkalishe mtu asiyeijua kazi mbele ya skrini, keti nyuma yake, usimwelekeze chochote. Tazama anasita wapi, kisha muulize pale aliposita alidhani nini kingetokea.