Si lazima ugonjwa wa jeni uwe umeonekana katika ukoo

Wengi huamini kwamba ugonjwa wa jeni lazima uwe umewahi kuonekana katika ukoo. Usipoonekana, mama husingiziwa mkosi. Si kweli, na lawama hiyo inaumiza bure. Chukua ugonjwa wa Duchenne, unaodhoofisha misuli ya watoto, hasa wavulana. Mwaka 1987 mtaalamu wa jeni Louis Kunkel na wenzake mjini Boston, Marekani, walitambua distrofini, protini inayozuia seli za misuli zisichanike misuli inapojikaza. Jeni yake, iliyo kwenye kromosomu X (mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), ni ndefu mno, hivyo hitilafu mpya huzuka kwa urahisi: takriban theluthi moja ya wagonjwa wana hitilafu ambayo mama zao hawana. Distrofini hufanya kazi hata ubongoni, ndiyo maana baadhi ya watoto hawa huchelewa kusema au hutatizika kusoma, na shuleni huitwa wavivu.